Mbao za Mkulo Zilipogeuka Mitumbwi

Niliolewa Lushoto mwaka 2014, nikaingia katika nyumba yenye sakafu ya mbao. Sisemi ile mikeka ya plastiki yenye picha ya mbao inayouzwa kwa mita. Ni mbao zenyewe, pana kiasi cha kiganja, zimelala juu ya maboriti, chini ya maboriti kuna uwazi, na chini ya uwazi ndiyo ardhi. Nyumba ni ya zamani, baba mkwe aliinunua alipostaafu. Mbao zake ni mkulo, mti wa milima hii hii ya Usambara, ambao bado umesimama ndani ya msitu wa Magamba. Mkulo ukikatwa hunukia kafuri. Siku ya pili tu mama mkwe aliniambia, "Mwanangu, humu ndani maji hayamwagwi." Nikaitikia, "Sawa mama," lakini sikuwa nimeelewa.

Mimi ni mtoto wa Tanga mjini. Nimekulia kwenye sakafu ya saruji, na kwetu nyumba haijasafishwa mpaka ipigwe deki. Jumamosi asubuhi unatoa viti nje, unamwaga ndoo, unasugua kwa brashi na sabuni ya unga, unayafukuza maji mpaka barazani. Miguu inaburudika, nyumba inanukia usafi. Hayo ndiyo malezi niliyopanda nayo mlimani, na naamini wengi mnaosoma hapa mmelelewa hivyo hivyo. Saruji inavumilia deki. Mbao hazivumilii, na ubaya wake ni kwamba hazikwambii siku ile ile.

Mama mkwe alikuwa na utaratibu ambao mimi niliuona wa kizee. Kufagia ni kwa fagio laini la nywele, kila siku, hata kama huoni uchafu. Fagio la chelewa lilikuwa la uani tu. Kufuta ni kwa tambara alilolikamua mpaka ukilishika juu halidondoshi hata tone, na nyuma ya tambara hilo analipitisha lingine kavu. Mara mbili kwa mwaka, kabla ya masika na baada yake, alipaka nta ya nyuki aliyoilainisha kwa tapentaini, akaisugua na kipande cha blanketi kuukuu mpaka mbao zinang'aa kama ngozi ya mtu aliyejipaka mafuta. Mwaka 2017 miguu ilimsumbua, akaenda kukaa kwa wifi yangu Korogwe, tambarare, ambako hapandi ngazi. Nyumba ikabaki mikononi mwangu.

Nilibadilisha mambo mawili. La kwanza, tulirudi kwenye deki. Si ya kumwaga ndoo, maana onyo nililikumbuka, bali ya mopu iliyolowa vizuri, kila asubuhi, na dada anayenisaidia kazi nilimfundisha hivyo hivyo. La pili lilikuwa bustani. Mbele ya nyumba na ubavuni ukuta ulikuwa mtupu, nami napenda maua. Nikaleta udongo na samadi, nikainua tuta lililoegemea ukuta, nikapanda waridi na mayungiyungi. Chini ya ukuta, shubiri moja kutoka ardhini, kulikuwa na vidirisha vidogo vyenye wavu wa chuma, vinne upande ule. Nilijua vipo. Nilidhani ni vya kuzuia panya, na tuta lilipovifunika niliona ukuta umependeza zaidi.

Mtakumbuka vuli ya mwaka 2019. Mvua ilinyesha Oktoba, ikanyesha Novemba, Desemba ikazidi, na huku kwetu barabara ya kushuka Mombo ilikuwa ya kuombea dua. Mwezi Januari nikaanza kusikia kitu miguuni. Nilikuwa natembea peku usiku kwenda kumfunika mtoto, nikahisi sakafu ina matuta. Asubuhi nikainama usawa wa sakafu, shavu karibu na mbao, nikatazama kuelekea mlangoni ambako mwanga unaingilia. Kila ubao ulikuwa umeinua kingo zake mbili na kushusha katikati. Sebule nzima ilikuwa imepangwa mitumbwi midogo, ubavu kwa ubavu. Ukimwaga maji yangesimama katikati ya kila ubao, mstari kwa mstari.

Nilimwita fundi mjini. Alikuja na mashine ya msasa, kijana mchangamfu, akasema mbao zimevimba kwa mvua, anazinyoosha na kupiga vanishi, nitasahau. Hakuuliza maji yametoka wapi, wala mimi sikuuliza. Alifunga msasa namba 40, ule wa punje kubwa, akaanza kula kingo zilizoinuka. Nyumba ilijaa harufu ya kafuri, kana kwamba mkulo ulikuwa unakatwa upya, na kwa kweli nilifurahi, nikadhani ile ni harufu ya kupona. Siku tatu baadaye sakafu ilikuwa tambarare kama meza. Nilimlipa shilingi 450,000 nikamshukuru.

Vanishi ilianza kubanduka kabla ya miezi miwili. Ilitoka kama ganda la kitunguu, hasa pembezoni ambako mashine haikufika na aliparua kwa mkono. Baadaye nilikuja kujua kwamba nta ya mama mkwe ya miaka yote ile ilikuwa imeingia ndani ya mbao, na vanishi haishiki juu ya nta. Ilipaswa kwanza kufutwa kwa tapentaini, tambara baada ya tambara, mpaka tambara litoke safi. Lakini hilo lilikuwa dogo.

Kubwa lilikuja mwanzoni mwa 2021. Kiangazi cha Januari na Februari kilikuwa kikali, bomba likatoka mara mbili tu kwa wiki, na maua sikuyamwagilia. Udongo wa tuta ukapasuka. Ndani, zile mbao zilizokuwa mitumbwi zikawa mitumbwi iliyopinduliwa. Kila ubao sasa umeinua mgongo katikati na kushusha kingo. Meza ya kahawa ikawa inacheza, mtoto akajikwaa. Nilikaa chini nikalia, nasema kweli. Ile haikuwa sakafu yangu tu, ilikuwa ya watu walioitunza kabla yangu.

Mume wangu akasikia habari za mzee mmoja fundi anayekaa njia ya Soni, aliyefanya kazi kwenye nyumba nyingi za aina hii. Alikuja na mfuko wa turubai, bila mashine yoyote. Tulimwamkia, akaitika, akavua viatu mlangoni. Alitembea polepole sebule nzima kwa kisigino, anasikiliza. Kisha akapiga magoti, akaweka pua kwenye nafasi kati ya ubao na ubao, akavuta pumzi.

"Mwanangu, una udi humu ndani?"

Nikamletea kijiti cha udi. Akakiwasha, akakishika karibu na nafasi ile, pembeni ya ukuta. Moshi ukapanda juu wima kama uzi. Akangoja. Ukaendelea kupanda wima.

"Chini hakupumui," akasema. Akatoka nje bila neno lingine, akaenda moja kwa moja kwenye waridi zangu.

Alinieleza akiwa amechutama pale, huku anachimba kwa mikono kutafuta vidirisha. Yale ni matundu ya hewa. Nyumba ya namna hii imejengwa hewa ipite chini ya sakafu, iingie upande huu itokee upande ule, ichukue unyevu wa ardhi iende nao. Nilipoyaziba nilifunga pumzi ya nyumba, na juu yake nikaweka tuta ninalolimwagilia kila jioni, maji yake yakichujika kuelekea msingini. Unyevu ukakaa chini ya mbao. Ubao hunenepa kwa upana unapokunywa, kwa urefu hauongezeki kitu cha kuonekana. Sasa upande wa chini ukinywa kuliko wa juu, upande wa chini unanenepa peke yake, na ubao hauna pa kwenda isipokuwa kukunja kingo zake juu. Ndiyo mitumbwi yangu.

Yule kijana alikata kingo wakati mbao bado zimelowa chini. Juu zikaonekana sawa. Unyevu ulipotoka, chini kukasinyaa, ubao ukarudi kutaka kukaa kama zamani, lakini kingo zake hazipo tena, zimeshakuwa unga. Kilichobaki juu ni mgongo. Mzee alisema maneno niliyoyaandika nyuma ya kalenda ya jikoni: "Mbao ikiinuka usiiguse. Tafuta maji yanatoka wapi, halafu ngoja." Nimewaambia watu wengi neno hilo tangu wakati huo, kwa sababu mtu anayeona sakafu yake imeinuka hutaka kuona mashine inanguruma siku hiyo hiyo, na fundi mwenye njaa hatakataa.

Aling'oa ubao mmoja mfupi karibu na mlango wa bafu, akanipa tochi. Nilichokiona sikisahau. Ardhi chini ilikuwa nyeusi, imetota, na kwenye boriti moja kulikuwa na nyuzi nyeupe za ukungu zimetanda kama utando wa buibui. Alichomeka bisibisi kwenye boriti ile, ikaingia kama kwenye mkate wa jana. Boriti nyingine zilikuwa nzima. Alipotazama ukuta wa msingi kwa ndani alikuta pia njia nyembamba ya udongo ikipanda, mchwa, imeshafika nusu. Moyo wa mkulo, ile mbao ya katikati ya shina, mchwa hawaupendi, alisema, lakini mbao ikishalainika kwa ukungu hakuna mti wenye heshima mbele yao. Ndiyo maana sasa nachungulia msingi kila mwezi: nikiona mfereji wa udongo unapanda ukutani nauvunja, narudi baada ya siku mbili kuangalia kama umejengwa tena.

Tuliondoa tuta lote. Waridi nilizihamishia mbali na ukuta, hatua mbili. Udongo tuliuteremsha mpaka ukawa chini ya matundu na una mteremko wa kwenda nje, siyo wa kurudi nyumbani. Nyavu za chuma zilikuwa zimeoza kwa kutu, tukaweka mpya zenye macho madogo. Boriti mbovu ilikatwa, ikafungwa nyingine kavu ya mkaratusi pembeni yake. Jioni ile mzee akawasha tena udi mahali pale pale. Moshi ulipanda kidogo, kisha ukayumba, ukalala kuelekea mlangoni. Mume wangu alipiga makofi.

Halafu tukangoja, na kungoja ndiko kulikokuwa kugumu kuliko yote. Mzee alichagua mbao tatu, moja kati ya sebule, moja ukumbini, moja karibu na bafu. Kwenye kila moja alichora vistari viwili vya penseli, ukingo mpaka ukingo, akaniachia rula ya chuma. Kazi yangu ilikuwa kupima nafasi kati ya ubao ule na jirani yake kila baada ya wiki mbili na kuandika kwenye kalenda. Kuna kipimo cha unyevu chenye sindano mbili unazozichoma kwenye mbao kinakusomea asilimia, lakini yeye hakuwa nacho, na rula ilitosha. Masika ya 2021 ilipita, namba zikapungua kidogo, mbao zilinenepa. Juni na Julai ni baridi na ukungu huku, namba zikatulia. Agosti zikapanda kidogo. Kuanzia katikati ya Agosti mpaka mwisho wa Septemba hazikubadilika hata nusu milimita. Nikampigia simu.

Safari hii niliangalia kila hatua. Siku nzima ya kwanza hakuna aliyewasha mashine. Alitembea na nyundo na kipigio chembamba cha chuma akizamisha vichwa vya misumari, kila kimoja, milimita mbili tatu chini ya uso wa mbao, kwa sababu msumari mmoja uliochomoza unapasua msasa na kuacha mkwaruzo mrefu. Nta na mabaki ya vanishi vilifutwa kwanza. Msasa ulianza namba 40 pale palipokuwa na migongo mikubwa tu, kisha 60, kisha 80, kisha 120, kila mara akifuata nyuzi za mbao, na kati ya namba na namba sakafu inafagiwa na kufutwa, maana punje moja ya namba 40 iliyobaki chini ya namba 80 itaandika duara ambalo vanishi italionyesha vizuri mno. Alifunga kitambaa puani na kuninunulia mimi barakoa. Mlango wa vyumba vingine tuliuziba kwa shuka lenye maji.

Aliponionyesha ukingo wa ule ubao aliong'oa ndipo nilipojua gharama halisi. Mbao hizi zimeshikana kwa ulimi na mfereji: ubao mmoja una ulimi ubavuni, unaingia kwenye mfereji wa jirani. Kinachoweza kuliwa na msasa ni ile nyama iliyo juu ya ulimi tu. Ukifika kwenye ulimi sakafu imekwisha. Hapo mwanzo nyama hiyo ilikuwa kama milimita saba, tulivyopima kwenye kipande kilichojificha chini ya kabati. Sasa imebaki nne. Mikono ya watu kabla yangu iliishi na sakafu hii miaka mingi bila kuigusa na msasa, na mimi ndani ya miaka miwili nimekula karibu nusu ya umri wake.

Tulijadiliana kuhusu cha kupaka. Ukumbini, kwenye watoto, viatu na kupita kila saa, tuliweka vanishi, mikono mitatu myembamba, kila mmoja ukiachwa siku mbili kwa sababu baridi ya Lushoto inachelewesha kukauka, na kati yake msasa wa namba 220 kwa mkono. Vyumbani na sebuleni tulirudi kwenye nta kama ya mama mkwe, safari hii pamoja na mafuta ya mbegu za kitani. Vanishi inazuia maji vizuri zaidi, lakini ikichakaa njiani huwezi kuibandika kiraka bila kuonekana, inabidi upige msasa eneo lote, na msasa mimi sina wa kuchezea tena. Nta inachakaa haraka, lakini unapaka pale pale palipochakaa na kuendelea na maisha. Kwa mbao zilizobakiwa na milimita nne, mimi nachagua nta.

Hapa nisimame niseme jambo la matambara, kwa sababu ni la hatari. Mafuta ya kitani yanapokauka hukamata hewa na kutoa joto. Tambara lililolowa mafuta hayo likikunjwa au kurundikwa na mengine, joto linakosa pa kutokea, linaweza kuwaka lenyewe bila kiberiti. Mzee alianika kila tambara peke yake juu ya ua, limetandazwa, mpaka likakauka likawa gumu. Usiyatupe kwenye pipa, usiyaache kwenye kona ya stoo.

Mengine ni ya kila siku, nayasema harakaharaka. Adui wa juu ni mchanga, na udongo wetu mwekundu una punje zinazokwaruza, kwa hiyo zulia la makumbi ya nazi la kupangusia miguu liko nje na lingine la nguo liko ndani. Miguu ya viti nimeivika vipande vya blanketi la sufi, navibadilisha vikishika mchanga. Nilijaribu kwanza soli za kandambili, zikaacha alama za njano kwenye vanishi ambazo hazitoki. Mazulia yenye mpira chini nayo nimeyaondoa. Chungu cha maua ndani kinakaa juu ya kigoda, hewa ipite, maana kimoja kiliniachia duara jeusi karibu na dirisha. Jiko la mkaa la kuota moto mwezi wa Julai haliingii tena sebuleni. Na nikitaka kujua kama mahali panahitaji nta, nadondosha tone la maji kwa kidole. Likisimama duara kama shanga, bado. Likitandaa na mbao ikageuka nyeusi, ni zamu yake. Halafu nalifuta.

Mama mkwe alikuja Desemba 2021. Alishikwa mkono mpaka mlangoni, akavua kandambili, akasimama peku katikati ya sebule muda mrefu. Nilimweleza yote, tuta, matundu, mashine, bila kuficha. Hakunilaumu. Aliuliza tu, "Matundu uliyafungua yote manane?" Nilikuwa nahesabu saba. Alinielekeza la nane, nyuma ya pipa la maji upande wa jikoni, na kweli lilikuwa limezibwa na majani makavu na mzizi.

Bado kuna mbao tatu mbele ya bafu ambazo ukungu ulizila na hazikupona. Mbao za mkulo si za kuingia dukani na kuchukua. Mwaka huu tulipata mbao mbili nzuri kutoka kwenye kabati kuukuu la jirani aliyekuwa anabomoa stoo, zinatosha kutoa tatu zikipasuliwa. Haziendi sakafuni mara moja. Zimelala kwenye chumba hicho hicho zitakakoishi, juu ya vijiti, zimeachana ili hewa izizunguke pande zote, zizoee unyevu wa humu ndani kabla ya kufungwa kati ya zenzake. Nimezichora vistari vya penseli. Leo ni wiki ya tano, na rula inaonyesha bado zinasogea.